Hodi ya Miaka Mia Mlangoni pa Dublin

Alasiri ya tarehe 21 Januari 1919, katika jumba la Mansion House mjini Dublin, karani alisimama mbele ya hadhara iliyofurika akaanza kusoma, jina moja baada ya jingine, orodha ya watu waliochaguliwa na wananchi wa Ayalandi katika uchaguzi wa mwezi uliotangulia. Watazamaji walikuwa wengi, illa wabunge wenyewe walikuwa haba; kwani chama cha Sinn Féin, ambacho kilitwaa viti 73 katika viti 105 vya kisiwa kizima na ambacho kilikuwa kimeapa kutokwenda kukaa katika Bunge la London, kilikuwa na watu wake wengi korokoroni. Kila lilipoitwa jina la mfungwa, ilijibiwa kwa Kiairishi kwamba huyo yu kifungoni mikononi mwa wageni. Waliohudhuria walikuwa 27 tu. Walakini karani hakukoma kwa watu wa Sinn Féin. Aliwaita pia wale waliokipinga chama hicho kwa nguvu zao zote, waliotaka Ayalandi ibaki chini ya Mfalme wa Uingereza. Na hata jina la Edward Carson, mbunge wa Belfast na kiongozi wa wapinzani hao, lilisomwa kama yalivyosomwa mengine, na ubavuni mwake pakaandikwa maneno mawili ya Kiairishi yenye maana kwamba mwenye jina hakuhudhuria.

Nimelitanguliza daftari lile kwa sababu ndani yake mna ahadi, na ahadi ile ndiyo asili ya yote nitakayoyasema. Bunge la Ayalandi, ambalo wenyewe huliita Dáil, lilizaliwa kwa kutamka kwamba mtu wa Belfast, wa Derry au wa Armagh ni mtu wake, awe analipenda au analichukia, awe yupo au hayupo. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado watu wa Dublin wanabishana kama mbunge aliyechaguliwa ng'ambo ya mpaka, katika kaunti sita zilizobaki chini ya Uingereza, aruhusiwe kuingia katika ukumbi ule akakaa na kusema. Mimi naamini aruhusiwe. Naamini vilevile kwamba asipewe kura. Mambo haya mawili watu wamezoea kuyatenga, kila kundi likashika lake na kulikana la mwenzake, nami naona kwamba yote mawili yatoka katika insafu ile ile moja.

Mpaka wenyewe ulichorwa na sheria ya Bunge la London ya mwaka 1920, na mwezi wa Mei 1921 kaunti za Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Londonderry na Tyrone zikachagua Bunge lao la viti 52, ambavyo 40 vilishikwa na wanamuungano, yaani wale wapendao muungano na Uingereza. Sinn Féin ilipata viti sita, na kwa kuwa ilikataa kuutambua mpaka, iliwahesabu watu wale sita kuwa ni wabunge wa Dáil. Watano kati yao, wakiwamo Éamon de Valera, Michael Collins na Arthur Griffith, walikuwa wamechaguliwa kusini pia, na kwao jimbo la kaskazini lilikuwa kama shamba la pili. Wa sita, Seán O'Mahony wa Fermanagh na Tyrone, hakuwa na jimbo jingine. Huyo ndiye aliyekaa Dublin kwa idhini ya watu wa kaskazini peke yao, na tarehe 7 Januari 1922, Dáil ilipoukubali mkataba na Uingereza ulioipa kusini serikali yake kwa kura 64 dhidi ya 57, yeye alikuwa miongoni mwa wale 57. Uchaguzi wa Juni mwaka ule ulifanyika katika kaunti 26 za kusini tu, na kiti chake hakikupata mrithi.

Tangu hapo watu wa kaskazini wamekuwa wakipiga hodi. Katiba ya mwaka 1937, ambayo de Valera ndiye aliyekuwa nyuma ya kila herufi yake, ilitangaza katika ibara ya 2 kwamba eneo la taifa ni kisiwa kizima pamoja na visiwa vyake na bahari yake. Kisha ibara ya 3 ikasema kwamba sheria za Dublin zitashika kusini tu, mpaka eneo hilo litakaporejea. Mwenye kuzisoma ibara hizo mbili kwa pamoja huona ajabu yake. Dola ilidai udongo wa Tyrone, mito ya Tyrone na milima ya Tyrone, lakini mtu wa Tyrone alipokuja mlangoni na hati ya kuchaguliwa kwake mkononi, aliambiwa arudi kwao. Katika miaka ya 1950 chama cha Clann na Poblachta, cha Seán MacBride, kilishikilia kwamba wabunge wa kaskazini wapewe walau haki ya kusikizwa, na Dáil ikakataa. Wakatoliki wa kaskazini, ambao wakati ule walikuwa wakinyimwa nyumba na kazi na mabaraza yaliyochorewa majimbo ya hila, waliusikia mji wa Dublin ukiwaimba katika hotuba za sikukuu na kuwafungia mlango siku za kazi. Sijui dhulma ndogo iumayo kuliko hiyo.

Ilikuwako njia ya uani, nayo ni Seneti. Katika maseneta 60 wa Ayalandi, 11 huteuliwa na Waziri Mkuu apendavyo, wengine huchaguliwa na madiwani na wabunge, na sita huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, hata mhitimu aishiye Belfast akiwa raia wa Ayalandi. Kwa mlango huo aliingia Liam Kelly wa Tyrone mwaka 1954, akaingia Seamus Mallon wa Armagh mwaka 1982. Kisa cha Mallon chastahili kukumbukwa. Miezi michache baada ya kuteuliwa Dublin alichaguliwa pia na watu wake katika Baraza jipya la Ayalandi ya Kaskazini, na mahakama ikamvua kiti hicho kwa sababu alikuwa mjumbe wa bunge la nchi nyingine. Mtu mmoja, aliyesimama maisha yake yote kwa ajili ya amani na dhidi ya bunduki, aliadhibiwa kwa kusema na jirani zake wa pande mbili. London yenyewe iliirekebisha sheria ile mwaka 2000, ikaruhusu mbunge wa Dublin kukaa katika Bunge la Uingereza. Na hivyo mlango uliokuwa mgumu zaidi ukawa wa kwanza kufunguka.

Katika wote walioingia kwa njia ya Seneti, mmoja ndiye anirudiaye moyoni kila nifikiripo jambo hili, naye ni Gordon Wilson. Alikuwa muuza nguo wa mji wa Enniskillen katika kaunti ya Fermanagh, Mprotestanti wa Kimethodisti, mtu asiye na chama. Tarehe 8 Novemba 1987, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, alisimama karibu na mnara wa kumbukumbu pamoja na binti yake Marie, muuguzi mwenye umri wa miaka 20. Bomu la IRA, jeshi la siri lililotaka kuung'oa utawala wa Uingereza kaskazini, likalipuka, ukuta ukawaangukia, na chini ya kifusi wakashikana mikono. Kila alipomwuliza hali yake, binti alijibu kwamba hajambo, mpaka mara ya mwisho alipomwambia baba yake kuwa anampenda sana. Hakusema tena. Watu 11 waliuawa siku ile, na jioni yake Wilson alisema mbele ya taifa kwamba hana kinyongo na waliomwua mwanawe, na kwamba atawaombea. Mwaka 1993 Waziri Mkuu Albert Reynolds alimteua kuwa seneta, naye akakaa Dublin mpaka alipofariki mwaka 1995. Mwaka ule ule wa uteuzi wake alikwenda kuonana ana kwa ana na watu wa IRA kuwasihi waache, akarudi mikono mitupu na huzuni tele.

Jee, Dublin ilipungukiwa na nini kwa kumpa mtu yule kiti? Hakuna kodi iliyopanda kwa sababu yake, wala serikali iliyoanguka. Ilichopata ni sauti ambayo hakuna mbunge wa Cork wala wa Galway angaliweza kuitoa, kwa kuwa hakuna miongoni mwao aliyekuwa amelala chini ya ukuta ule. Baadaye, mwaka 2018, Ian Marshall, mkulima wa Armagh na mwanamuungano wa dhahiri, alichaguliwa seneta, tena kwa kura za Sinn Féin. Alikaa miaka miwili. Lakini kiti cha Seneti hutolewa kama zawadi: anayetaka hutoa, anayebadili nia hunyima, na mpokeaji hakutumwa na mtu wa kwao aliyesimama foleni kupiga kura.

Mapatano ya Ijumaa Kuu, yale ya amani yaliyofikiwa tarehe 10 Aprili 1998, yaliubadili msingi wa maneno haya yote. Watu wa kusini walikubali, kwa zaidi ya kura 94 katika kila 100, kuzifuta ibara zile mbili za kale zilizodai ardhi, na kuandika mahali pake kwamba kila azaliwaye katika kisiwa cha Ayalandi ana haki ya kuwa sehemu ya taifa la Ayalandi, na kwamba kisiwa hakitaungana illa kwa njia ya amani na kwa ridhaa ya watu walio wengi pande zote mbili. Kaskazini nako mapatano yalipita kwa kura 71 katika kila 100. Hapo taifa liliacha kuwa ramani likawa watu. Na maadamu ni watu, basi hoja ya zamani ya kuwaacha nje imekosa mguu wa kusimamia. Kwa kuwa haiyumkiniki umwambie mtu kwamba kuwa mmoja wetu ni haki yake ya kuzaliwa, kisha umwambie kwamba kusikika kwake ni fadhila tutakayoitafakari.

Mwaka 2002 kamati ya vyama vyote ya Bunge, iliyoitazama katiba, ilipendekeza njia ya upole: mara kwa mara Dáil ijigeuze kamati ya wabunge wote, na wabunge wa kaskazini waalikwe washiriki mjadala juu ya mambo ya kaskazini. Mwaka 2005 Waziri Mkuu Bertie Ahern alijaribu kuisogeza mbele. Vyama vya upinzani vya Fine Gael na Labour vilipinga, na hata wabia wake serikalini wakanung'unika, wakiona kwamba Sinn Féin ndiyo itakayovuna. Na jambo likapunguzwa mpaka likawa chumba cha kamati. Tangu mwaka 2007 iko kamati ya kuangalia utekelezaji wa Mapatano ya Ijumaa Kuu, ambamo wabunge wa kaskazini hualikwa kuketi na kusema bila ya kupiga kura. Wabunge wa wanamuungano hawahudhurii. Kamati hiyo imefanya kazi njema, nami siidharau, lakini chumba cha kamati si ukumbi, na maneno yasemwayo pale aghalabu hubaki pale.

Hasara ya kubaki pale ilionekana bayana katika miaka ya 2017 hadi 2019. Mwezi wa Juni 2016 Uingereza iliamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ingawa watu wa Ayalandi ya Kaskazini, karibu 56 katika kila 100, walipiga kura ya kubaki. Januari 2017 serikali yao ya Belfast ilivunjika, na Baraza lao likafungwa miaka mitatu. Juni mwaka ule ule, chama cha SDLP, cha wazalendo wa Kiairishi waendao London, kilipoteza viti vyake vyote vitatu. Sinn Féin ikashinda viti saba, na kwa desturi yake ya miaka mia ikakataa kwenda kumlia kiapo Malkia. Basi katika wabunge 18 wa kaskazini waliokaa London walikuwa 11, na wote 11 walikuwa wapenda muungano. Kila usiku London ikabishana juu ya mpaka ule wa Ayalandi, kama utapigwa forodha, kama malori ya maziwa yatasimamishwa, na katika ukumbi ule hapakuwa na hata mbunge mmoja wa wazalendo wa kaskazini. Dublin nayo ikaupigania mpaka ule huko Brussels kwa ustadi mkubwa, na Dáil ikaujadili juma baada ya juma. Lakini waliousemea walikuwa watu wa kusini, wakisimulia habari za mashamba yasiyo yao. Katika saa ambayo maisha ya mpakani yaliwekwa mezani, karibu nusu ya watu wa kaskazini hawakuwa na mjumbe aliyesimama katika Bunge la London wala katika Dáil akawasemea.

Nawajua watakaojibu kwamba Sinn Féin imejinyima yenyewe, kwa hiyo ilie peke yake. Jibu hilo laweza kukitosha chama; mpiga kura halimtoshi. Mtu wa Newry aliyekataa kwa dhamiri yake kuwakilishwa chini ya kiapo kwa mfalme asiyemtambua hakutenda kosa, na sheria ya Uingereza yenyewe yamruhusu kumchagua mtu wa namna hiyo. Tena haki ninayoitetea haimhusu yeye tu, kwani yamhusu sawasawa mbunge wa SDLP aendaye London kila wiki, na mbunge wa chama cha Alliance asiyeegemea upande, na mwanamuungano atakapotaka.

Sasa nije kwenye kura, maana hapa wapinzani wana hoja nzito nami naipokea yote. Dáil ndiyo itozayo kodi, ndiyo imchaguayo Waziri Mkuu, ndiyo iangushayo serikali. Mwezi wa Machi 1987 Charles Haughey alipigiwa kura 82 za kumtaka na 82 za kumkataa, akawa Waziri Mkuu kwa kura ya Spika peke yake. Lau siku ile wangalikuwamo wabunge wa Belfast wenye kura, wangaliwapa watu wa Limerick serikali ambayo wao wenyewe hawangetawaliwa nayo, wala kuilipa shilingi, wala kuiondoa. Hiyo ingekuwa dhulma iliyogeuzwa upande. Kroatia iliionja: mwaka 1995 ilitenga viti 12 kwa raia wake walio nje, wengi wao Wakroati wa Bosnia, na vyote 12 vikaenda kwa chama kilichokuwa kikitawala; baada ya manung'uniko ya miaka mingi vikapunguzwa hata sasa ni vitatu. Na msomaji wa Tanzania halioni jambo hili kuwa geni, ijapokuwa Zanzibar na Bara ni dola moja na mfano haufanani kwa kila hali. Wabunge watokao Zanzibar, wakiwamo wale watano watumwao na Baraza la Wawakilishi, huipigia kura Dodoma hata miswada isiyo ya Muungano inayoigusa Bara peke yake, na kila katiba inapojadiliwa swali hilo hurudi.

Lakini kati ya kura na kimya pana mahali. Ujerumani ilipagundua. Tangu mwaka 1949, kwa sababu ya madaraka ya mataifa yaliyoshinda vita, wajumbe wa Berlin ya Magharibi, ambao hesabu yao ilifikia 22, walipelekwa Bonn na baraza la mji wao, wakakaa katika Bunge la Shirikisho, wakahutubu, wakafanya kazi za kamati. Walipopiga kura za mwisho, kura zao zilihesabiwa kando na hazikuamua. Willy Brandt mwenyewe alianzia pale. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1990, na katika miaka yote ile hakuna aliyesema kwamba Bunge la Bonn limetekwa na Berlin, wala kwamba Berlin imesahauliwa na Bonn. Sisi wa pwani tuna mahali hapo mbele ya nyumba zetu. Jamaa aliye na nyumba yake mtaa wa pili haji kugawa chakula cha watoto wetu wala kuamua nani alale chumba gani, lakini kwenye baraza ana nafasi yake, na asemapo hunyamaziwa, na siku ambayo nafasi yake iko tupu watu huulizana kulikoni.

Walio na haki ya kutoridhika na shauri langu ni wanamuungano, kwani waweza kusema kwamba baraza hilo ni mtego, na kwamba anayeketi leo kesho atavutwa ndani. Hofu yao ina historia, nami siwezi kuipuuza na huku nikiwataka wengine waheshimiwe. Ndiyo maana mwaliko uwe kwa wote 18 bila ya kuchagua, na usiwe na sharti wala kiapo, na ukumbi usipige kura yoyote juu ya mpaka wakati wageni wameketi. Anayekataa abaki na heshima yake. Ibara mpya ya 3 imekwisha kusema kwamba kisiwa hakitaunganishwa kwa hila, na kiti cha kusemea hakiwezi kupindua kura ya ridhaa.

Uko mji mdogo uitwao Pettigo, ambao mto Termon umeupasua katikati. Upande mmoja ni kaunti ya Donegal, na sanduku la posta ni la kijani, hesabu ya mwendo barabarani ni kwa kilomita, na mkate hununuliwa kwa yuro. Uvukapo daraja, hatua chache tu, umeingia kaunti ya Fermanagh, mahali paitwapo Tullyhommon: sanduku ni jekundu, mwendo ni kwa maili, mkate ni kwa pauni. Wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile huzikana na kuozana. Wa Donegal ana wabunge wake Dublin. Wa Tullyhommon amo katika jimbo la Fermanagh na Tyrone ya Kusini, ambako mwaka 2010 Michelle Gildernew wa Sinn Féin alishinda kwa kura nne. Kura zilihesabiwa zikarudiwa, hata ikajulikana kwa yakini kwamba wanne ndio waliozidi. Kisha, baada ya uangalifu wote ule, mwakilishi aliyepatikana hakukaa London, wala Dublin haikuwa na kiti cha kumpa.